Hiyo chai

Tulikuwa sita kwenye benchi la mama lishe mmoja Kariakoo, saa saba mchana, sahani za wali maharage mapajani. Wenzangu wa kazini, wengi wao hawajafika miaka thelathini. Mazungumzo yalihama kutoka mpira yakaingia kwa wazazi, kila mtu na habari zake. Zamu yangu ilipofika nikatoa ile ninayoisimulia tangu nikiwa chuo: kwamba mama yangu alinisomesha kwa kuchuma chai Tukuyu, peke yake, kilo 60 kwa siku, mvua ikimnyeshea, tangu nikiwa darasa la tano mpaka nilipomaliza kidato cha sita.

Kijana aliyekaa mkabala nami akaweka kijiko chini.

"Kaka," akasema kwa upole, "hiyo chai."

Benchi zima likaangua kicheko. Mwingine akadakia kwamba tangawizi imekolea. Wa tatu akamwita mama lishe alete maandazi, chai iko tayari. Nami nikacheka nao, maana hukai na watu wakala pamoja halafu ukanuna kwa neno la utani.

Lakini neno lilinikaa.

Wiki ya kwanza nilijiambia litapita. Ya pili nikawa nalisikia kila mahali: ndani ya daladala, kijiweni kwa bodaboda, chini ya habari za mitandaoni, mpaka kwa mwanangu wa darasa la sita anayemjibu mwenzake kwenye simu. Kila likitajwa naiona mikono ya mama, vidole vimeingia weusi wa utomvu wa majani, ule usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu.

Nilikuwa nazungumzia chai. Nikaambiwa chai.

Na pale kwenye benchi hakuna aliyegutuka. Neno moja lilitamkwa mara mbili ndani ya dakika moja, la kwanza likiwa na kilo, la pili likiwa na kicheko, na kwa masikio ya wenzangu hayakuwa na undugu wowote.

## Fiksi, kamba, saundi

Tulipokuwa wadogo, mwenye kudanganya alikuwa "anapiga fiksi". Baadaye akawa "anafunga watu kamba". Anayemlaghai binti kwa ahadi akawa "anapiga saundi". Maneno yote hayo yanamkamata mtu shingoni: wewe ndiye mpiga fiksi, wewe ndiye umetufunga kamba. Siku hizi habari ya uongo inaitwa chai, na chai haimgusi mtu. Inagusa kilichoandaliwa. Msikilizaji anaonja, kisha anasema kama mlaji anavyosema: haina sukari, imezidi maji, hii ya tangawizi, hii inataka na kitafunwa. Siku hizi hata kuandika si lazima, picha ya kikombe inamaliza kazi.

Jambo hilo nililiona taratibu, na ndilo lililoanza kunipunguzia uchungu. Kijana yule ni mdogo kwangu kwa miaka zaidi ya kumi. Kwa malezi yetu hawezi kunitazama usoni akaniambia "unasema uongo". Hilo ni tusi, na pengine chakula chetu kingeishia pale. Lugha ikampa njia. Akaanza na "kaka", akamalizia na chai. Nadhani hapo ndipo msemo huu unapofanya kazi yake kubwa, nami nausifu kwa moyo mmoja: unamwezesha mdogo kumsahihisha mkubwa bila kumvunjia heshima.

Niliwauliza watu kwa nini iwe chai na si uji. Dereva mmoja wa bodaboda kijiweni kwetu alisema chai ndiyo kinywaji cha maneno. Ugali unakula kimya, mikono ina kazi na mdomo una kazi, lakini kikombe cha chai kinasubiri kipoe, na kinaposubiri ndipo mtu anaanza kutunga. Shangazi yangu alisema ni kwa sababu chai inajaza tumbo kwa nusu saa, ikifika saa nne njaa iko palepale.

Yote mawili niliyapenda. Mimi nina la kwangu, la jikoni.

Angalia inavyopikwa. Sufuria nzima ya maji, kijiko kimoja cha majani. Kijiko hicho kikiingia, maji yote yanageuka rangi, na hakuna anayeweza kukwambia tena maji yaishie wapi na jani lianzie wapi. Habari ya kutunga hupikwa hivyohivyo. Lazima ndani yake kuwe na jani la kweli, la sivyo ni maji ya moto tu na hakuna atakayeyanywa. Anayesema "hiyo chai" hasemi kwamba hamna kitu. Anasema umeongeza maji.

Marekani neno hili limekwenda upande mwingine kabisa. Kwenye kumbi za Wamarekani weusi, kwa wanaume wanaotumbuiza katika mavazi ya kike, chai ilikuwa jina la ukweli wa ndani wa mtu, kwa ajili ya herufi T inayoanza neno lao la ukweli. Likatoka huko likawa jina la umbea, na sasa vijana wa Nairobi na Dar "wanamwaga chai" ya mastaa. Kwao kumwaga chai ni kutoa siri ya kweli. Kwa kijana wa Kariakoo chai ni kile kisicho kweli. Mtu mmoja mwenye simu moja anaweza kuzitumia maana zote mbili kabla ya saa sita mchana na asichanganyikiwe.

Mimi nilibaki na ile ya sufuria. Na nilipoifikiria sana nikaanza kuiogopa habari yangu mwenyewe.

Kilo 60. Nilizitoa wapi?

## Simu kwa mama

Nilimpigia Jumapili jioni, saa anayokuwa ametoka kanisani na kupumzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko, na joto lenu?"

Tukasalimiana kwa urefu, watoto, mkwe, mvua, ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye migomba. Kisha nikauliza.

"Mama, zamani siku nzuri ulikuwa unachuma kilo ngapi?"

"Za nini tena?"

"Nataka kujua tu."

Akafikiri. Nilisikia mvua ya Tukuyu juu ya bati, ile isiyochoka.

"Thelathini. Siku nzuri sana, thelathini na tano."

"Mbona mimi nakumbuka sitini? Kwenye ile kadi ya kilo. Si mimi niliyekuwa nakujumlishia mwisho wa mwezi?"

"Ulikuwa unajumlisha, ndiyo." Akanyamaza kidogo. "Sitini na za dada yako. Zote zilikuwa zinaandikwa jina langu."

Nikakosa la kusema.

Nilikuwa nalijua. Hili ndilo lililonisumbua zaidi ya kicheko cha Kariakoo: sikuwa nimesahau. Dada alimaliza darasa la saba mwaka nilioingia la tano. Alichaguliwa kwenda sekondari. Nyumbani pesa ilitosha mtu mmoja, au ilitosha kusubiri mtu mmoja, na ikaamuliwa nisubiriwe mimi. Kuanzia mwaka ule asubuhi alitoka na mama, kapu mgongoni, nailoni kiunoni, nami nikatoka na daftari. Wakati wa kurudi tulikutana njiani, mimi viatu vikiwa vimejaa tope, yeye vidole vikiwa vyeusi.

Nilipofika chuo na kuanza kusimulia habari ya mama, dada hakuwemo. Sikumbuki siku niliyoamua kumtoa. Habari ya mama peke yake, kwenye mvua, ina nguvu. Inamfanya msikilizaji anyamaze. Ukimtia dada ndani, msikilizaji atauliza: na yeye alisoma mpaka wapi?

Kwa hiyo kilo 60 zilikuwa za kweli. Chai ya kweli, mizani ya kweli, kadi yenye mwandiko wa karani. Maji niliyoongeza yalikuwa maneno mawili tu.

Peke yake.

## Neno la jahazi

Nikarudi kwenye neno lenyewe, pengine kwa kukimbia. Mtu akishindwa kumpigia simu dada yake, huweza kusoma historia usiku kucha.

Wachina wenyewe wana matamshi mawili makubwa ya jani hili. Lile la "cha" lilisafiri kwa nchi kavu na misafara kufika Uajemi, likawa chai, likaingia India na Uarabuni. Lile la "te", la watu wa Fujian, lilichukuliwa na meli za Waholanzi likapelekwa Ulaya, na huko likazaa matamshi ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa. Pwani yetu ilikuwa inafanya biashara na Wahindi, Waajemi na Waarabu kabla ya Ulaya kututawala, ndiyo maana tunasema chai na hatusemi ti. Rwanda wanasema icyayi, Burundi icayi. Lakini ukitoka Tukuyu ukateremka mpaka Kasumulu, ukavuka Mto Songwe kuingia Malawi, ukaagiza kwa Kichewa, utaletewa tiyi. Mpaka wa maneno mawili yaliyotoka China unapita karibu na shamba la mama yangu.

Kinachonishangaza ni jani. Miche ilipandwa Amani, kule Usambara, mwaka 1902, na kwetu Rungwe, pale Kyimbila, mwaka 1904. Waliopanda ni Wajerumani. Waliokuja kuikuza iwe zao la biashara, kuanzia mwaka 1926, walikuwa chini ya Waingereza. Wote hao ni watu wa "te". Waliokuwa na shamba, mizani na kiwanda walikuwa na neno lao, na bado vinywa vya wachumaji havikuwafuata. Mzungu alileta jani, akalikuta jina limeshafika kwa jahazi na kupanda mlima kwa miguu.

Na jina hilo halikuja tupu. Lilipofika lilikuwa tayari ni jina la kumkirimu mgeni. Ndiyo maana mpita njia akikukuta unakunywa unamwambia "karibu chai", hata kama kikombe ni kimoja, naye anajibu "asante, starehe" akaendelea na safari, na wote wawili mmetendeana wema bila tone kumwagika. Ndiyo maana tunauliza "umekunywa chai?" tukiwa na maana ya chakula chote cha asubuhi. Mama yangu amekunywa uji na magimbi maisha yake yote, na ukimuuliza saa tatu kama amekunywa chai, atasema amekunywa.

Sisi wenyewe, kwenye vilima vile, jani bichi hatukuchemsha. Lilipelekwa kiwandani, likanyaushwa, likasagwa, likaachwa libadilike rangi, likakaushwa, na sehemu kubwa ikashuka mpaka mnada wa Mombasa. Ya kunywa tulinunua dukani kwa pakiti, kama watu wa Dar.

## Ya chai

Kuna maana ya tatu, na hii siwezi kuiandika kwa upole niliouandikia ile ya Kariakoo.

Baba alipofariki kulikuwa na faili lake kwenye ofisi moja hapa mjini. Nilikwenda mara nne. Mara ya tano karani alilifungua droo, akanionyesha ukingo wa faili, akalirudisha. "Kaka," akasema, "hata ya chai?"

Nilitoa elfu hamsini ndani ya bahasha. Faili likatoka wiki ileile.

Najua wengi mnaosoma hapa mmewahi kusikia swali hilo, kwa hiyo sitaeleza. Nitaeleza nilivyojisikia, kwa sababu hapo ndipo neno linapofanya kazi yake. Sikujisikia kwamba nimetoa rushwa. Angeniambia "nipe rushwa" ningeondoka, nina hakika. Neno hilo lina mahakama ndani yake. Chai haina mahakama. Chai ina mgeni na mwenyeji. Aliponiomba chai alinigeuza mwenyeji nikiwa mbele ya meza yake, na mwenyeji gani anamnyima mtu chai? Mkono wangu uliingia mfukoni kwa adabu. Niliaga. Nilisema asante.

Wakenya wanaijua chai hii kuliko sisi, na Waganda pia. Wahindi wanasema chai-pani, chai na maji. Warusi bahashishi wanaiita "ya chai". Msumbiji watakuomba soda, kwa neno lao la kinywaji baridi. Kinshasa ni maharage ya watoto. Wajerumani na Wafaransa wana pesa ya kunywea, ingawa kwao ni ya mhudumu wa hoteli na inatolewa mchana kweupe. Watu wa dunia nzima, wakitaka kuchukua kisicho chao au kutoa kisichotakiwa, wanakimbilia mezani kutafuta neno la kujifunika. Hakuna anayeomba hongo kwa jina la jembe.

Sisi tuliwahi kuipa vazi hilo mpaka ndani ya sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, na neno likawa takrima. Neno zuri, la kukaribisha. Ilichukua mpaka mwaka 2006 Mahakama Kuu kuibatilisha, na katika miaka hiyo sita tulikula takrima kwa jina lake.

Mama ni wa kizazi kilichokariri ahadi za TANU. Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Anaweza kuisema akiwa anamenya ndizi. Nilipompigia siku ile kumwambia faili la baba limetoka, alifurahi, kisha akauliza limetokaje ghafla.

"Nilitoa kidogo mama. Ya chai."

"Ya chai shilingi ngapi?"

"Elfu hamsini."

Akanyamaza kwa muda. Nilidhani simu imekatika. Alikuwa anapiga hesabu. Msimu ule alikuwa analipwa shilingi 250 kwa kilo ya majani mabichi.

"Hizo ni kilo mia mbili," akasema.

Hakusema zaidi, na hakuwa na haja. Kilo 200 ni siku nzuri saba za mama, kuanzia alfajiri, akiwa na nguvu zake zote. Ni majani mawili na kichipukizi chake, mkono wa kulia na wa kushoto, mara maelfu. Kiwandani, kwa kuwa inahitajika karibu kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, ni kilo 44 na ushei, chai ya kutosha familia yetu kwa miaka. Yule karani aliiita kikombe.

Miaka imepita tangu siku hiyo. Sikuwa nimeiunganisha na jambo lingine lolote mpaka nilipoambiwa "hiyo chai" nikiwa na kijiko mkononi. Kijana aliiita habari yangu chai kwa sababu niliongeza kitu juu ya ukweli. Karani aliita pesa yangu chai ili apunguze kitu. Kote kuwili waliozichuma kilo hizo hawakuwepo mezani, na kote kuwili mimi nilikuwepo.

Nilikata tiketi ya basi.

## Mizani

Dada ana shamba lake sasa, ekari moja na nusu, upande wa chini ya kijito. Nilifika usiku. Asubuhi saa kumi na mbili nilimkuta nje anafunga nailoni kiunoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeamka mapema, kwenu Dar si mnalala?"

Nikamwambia nataka kwenda naye. Akanitazama viatu. Akaingia ndani akatoka na buti za shemeji, kubwa kwangu, na kapu la pili.

Nilikuwa nimekaa ndani ya basi kutwa nzima nikipanga nitakavyosema. Shambani mpango wote uliyeyuka. Chai haikuachi uzungumze ukiwa umesimama. Vichaka vimekatwa usawa wa kiuno, unaingia katikati yake, umande unakulowesha mpaka tumboni, na macho hayatoki kwenye majani. Dada anachuma bila kutazama. Kidole gumba na cha shahada vinakutana chini ya jani la pili, jani linakatika kwa mlio mdogo mkavu, na kabla hujausikia mkono mwingine umeshakata la kwake. Kiganja kikijaa anatupa nyuma ya bega, ndani ya kapu, bila kugeuka. Mimi nilivuta majani magumu, ya tatu na ya nne. Alinyoosha mkono akayatoa kwenye kapu langu, moja moja, akayatupa chini.

"Haya karani anayarudisha," akasema.

Saa tatu tulikaa kwenye tuta. Akafungua chupa ya chai, akamimina kwenye mfuniko, akanipa mimi kwanza. Hapo ndipo nilipomwambia. Nikamweleza habari ninayosimulia watu, tangu chuo, na kwamba yeye hayumo. Nikamweleza Kariakoo na yule kijana.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anachambua kucha kwa kijiti, weusi wa utomvu haukutoka.

"Alikwambia chai?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilicheka."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei ya sokoni. Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika neno kwa neno usiku uleule, nisije nikalipika upya: "Mimi shule sikuililia sana. Nililia ile siku umeletewa sanduku la bweni. Lilikuwa zuri lile sanduku."

Akachukua mfuniko mkononi mwangu, akamimina chake, akanywa.

Sikuwa na jibu, na hakuonekana kusubiri jibu. Tulirudi kwenye mstari. Alichuma haraka zaidi ya asubuhi, jua lilikuwa limetoka na majani yakianza kunyauka kapuni yanapoteza uzito; nami nikachuma taratibu nikijaribu kukata mawili na kichipukizi chake, mawili na kichipukizi chake. Kuna wakati nilisahau nimekuja kufanya nini. Shingo iliuma mpaka ikaacha kuuma.

Saa nane tulishusha magunia kituoni. Watu walikuwa wengi, wanawake karibu wote, wamekaa juu ya magunia yao wakimenya miwa. Mizani ni ya kuning'iniza, imefungwa kwenye boriti, na ukikaribia inabidi uiname ili usiguse gunia, maana akiliona limeguswa karani anapima upya. Alipima la dada: kilo 38. Akakata mbili, moja ya gunia na moja ya maji, kwa sababu kulikuwa na umande asubuhi. Dada hakubisha. Akapima langu.

Kilo 11. Akakata moja.

Nilikuwa nimesahau kukatwa kupo. Katika habari yangu yote ya miaka hiyo yote, mizani ilikuwa inasoma na karani anaandika, basi. Niliwaza kilo ngapi zilikatwa mikononi mwa watu wawili kwa miaka minane, moja ya gunia, moja ya maji, kila siku ya mvua, na Tukuyu siku ya mvua ndiyo siku.

Karani alikuwa kijana, kalamu sikioni, amechoka. Akafungua daftari.

"Na hili la kilo kumi niandike nani?"

Nikamtajia jina la dada, majina yote mawili. Aliandika. Dada hakugeuka, alikuwa ameshaanza kukung'uta gunia.